Mwanafunzi na Safari ya Kampala

Wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam huniuliza: je, bumu litamfikisha mtu Kampala na kumrudisha? Litamfikisha, mradi hesabu yake isianze na nauli.

Ianze na karatasi. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza mwaka 2018 ilipangiwa ada ya Shs. 150,000, na wengi hukatia tamaa hapo. Lakini hudumu miaka 10, maana yake Shs. 15,000 kwa mwaka. Mwenye safari moja tu aulize Uhamiaji habari ya hati ya dharura, ambayo ni nafuu zaidi. Viza Mtanzania haombi, Kenya wala Uganda.

Kinachowakwamisha hasa ni chanjo ya homa ya manjano, ambayo Uganda huidai. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa jioni ya kuondoka hajafanya kitu. Na kwa maoni yangu, asiye na cheti ndiye anayekamuliwa mpakani. Tangu Julai 2016 sindano moja yatosha maisha.

Sasa nauli. Njia ni Arusha, Namanga, Nairobi, Busia. Kutoka Nairobi panda basi la usiku: unalala kitini, umeokoa fedha ya gesti. Epuka wiki ya Krismasi. Fedha badilisha kwenye duka lenye leseni, si kwa vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi. Vidole vyao vina kasi kuliko macho yako.

Nauli ya kurudia itenge kabla hujapanda basi, hata soksini.