Kunakili Majabali kwa Rangi za Maji

Kunakili kazi za wachoraji mahiri ni njia kongwe ya kujifunza uchoraji wa rangi za maji. Jijini London, katika miaka ya 1790, daktari Thomas Monro alikuwa akiwaalika vijana nyumbani kwake jioni wanakili michoro, mingi ikiwa ya John Robert Cozens, mchoraji wa milima ya Alps na mandhari za Italia. Miongoni mwao walikuwemo Thomas Girtin na J. M. W. Turner, wote waliozaliwa mwaka 1775. Girtin alichora mistari, Turner akapaka rangi. Turner alipofika Alps mwenyewe mwaka 1802, mkono wake ulikuwa umeshazoea kuchora milima.

Majabali yanamfaa sana anayeanza kwa sababu nyuso zake zimekatika waziwazi. Uso wa juu hupokea mwanga, wa ubavuni hufifia, na ulioelekea chini huwa kivulini. Jabali lolote linaweza kugawanywa katika viwango hivyo vitatu.

Rangi ya maji ni ungaunga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi ya mgunga. Ikizimuliwa kwa maji, hupitisha mwanga hadi kwenye karatasi, na weupe wa karatasi ndio unaoing'arisha. Kwa hiyo mchoraji huanza na rangi hafifu na kumalizia na nzito, huku sehemu zenye mwanga mkali akiziacha bila kuzigusa. Mchoro uliokamilika huficha mpangilio huo. Kazi ya anayenakili ni kuufumbua: kutambua tabaka lililotangulia, lililofuata na la mwisho.

Karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, hustahimili maji bila kujikunja sana. Mistari ya penseli huchorwa kwa wepesi, ikionyesha mipaka ya nyuso tu. Kisha ubao huinamishwa kidogo, na brashi kubwa iliyojaa rangi hafifu ya udongo wa manjano hupitishwa toka juu kwenda chini, ikiruka sehemu za mwanga. Tabaka hilo huachwa likauke kabisa. Brashi ikirudishwa kwenye rangi iliyokauka nusu, maji mapya husukuma rangi pembeni na kuacha mabaka.

Tabaka la pili ni la nyuso za ubavuni. Buluu ya ultramarini ikichanganywa na siena iliyochomwa hutoa kijivu kinachoweza kuelekea ubaridi au ujoto kulingana na kipimo cha kila rangi. Chembe za ultramarini hutuama katika vishimo vya karatasi na kuacha madoadoa yanayofanana na ngozi ya jiwe. Mchanganyiko hujaribiwa kwanza kwenye kipande cha karatasi, kwani rangi ikikauka hufifia. Pale uso unapokatika ghafla, ukingo huachwa mkali. Pale jabali linapoviringa, brashi safi yenye unyevu hupitishwa ukingoni kabla rangi haijakauka, nayo huyeyuka polepole.

Vivuli vizito na nyufa huja mwisho. Ufa haukolei sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho: hukolea panapokuwa na kina, ukakonda, kisha ukapotea. Ukwaruzo wa mwamba hupatikana kwa brashi isiyo na maji mengi, iliyolazwa ubavu na kuburutwa kwa wepesi. Kosa la kawaida ni kuanza na nyufa kabla ya nyuso. Jabali hugeuka mtandao wa mistari usio na uzito.

Nakala ikishakauka, hutazamwa kwa mbali sambamba na mchoro wa asili, macho yakiwa yamefinywa ili tofauti za mwanga na kivuli zijitokeze. Jina la mchoraji wa asili huandikwa nyuma ya nakala, isije ikadhaniwa ni kazi ya aliyenakili. Kipimo cha kuelewa ni kuchukua jiwe halisi, kuliweka mezani penye mwanga wa upande mmoja, na kulichora kwa matabaka yaleyale matatu bila mchoro wa kufuata.