Mkia wa Korosho katika Seli ya Sola

Korosho nyingi za Mtwara husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na maganda yake huondoka nazo. Mafuta ya ganda hilo, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji, yana kitu ambacho watengenezaji wa seli za sola za kikaboni hukihangaikia sana: mkia mrefu wa kaboni 15.

Seli hizi hazina silikoni. Ni molekuli za kaboni zilizoyeyushwa na kupakwa kama wino juu ya plastiki nyembamba. Mwanga ukizipiga, elektroni haiwi huru papo hapo. Hubaki imefungamana na tundu ililoacha, na jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kufa. Kwa hiyo huhitajika vitu viwili vilivyochanganyika kwa karibu mno, kimoja cha kutoa elektroni, kingine cha kuipokea. Seli ya tabaka mbili aliyoichapisha Ching Tang mwaka 1986 ilifikia ufanisi wa kama asilimia 1. Baadaye mpokeaji akawa fulereni, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, ambayo hunyonya mwanga kidogo. Mwaka 2019 kundi la Yingping Zou nchini China lilitangaza molekuli ya Y6, inayonasa hata mwanga usioonekana kwa macho, na ufanisi ukafika asilimia 15.7. Leo maabara zimevuka asilimia 19.

Sehemu ya molekuli inayonasa mwanga ni bapa na ngumu, haiyeyuki kirahisi. Mikia ya pembeni ndiyo inayoiyeyusha. Mikia mifupi mno huacha molekuli zijikusanye mapandemapande, jozi zikafia njiani. Mirefu mno huzitenganisha, elektroni zikakosa pa kupita. Naamini urefu wa mkia unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko rekodi za ufanisi zinazotangazwa kila mara.

Asidi ya anakadi iliyo katika ganda la korosho ikipashwa moto hupoteza kabonidioksidi na kuwa kadanoli, yenye mkia huo tayari. Wakemia wa Lecce, Italia, wameshaiunganisha na fulereni na porfirini, molekuli inayonasa mwanga. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Egid Mubofu na wenzake wameonyesha jinsi mafuta haya yanavyoweza kuzaa kemikali nyingi za thamani. Tatizo ni kwamba mkia wa asili mara nyingi una vifungo maradufu, wakati mwingine hadi vitatu kwa idadi, na oksijeni huvishambulia. Tabia hiyo hufaa kwenye vanishi, lakini kwenye seli ni sumu. Lazima kwanza vijazwe haidrojeni.

Kisha kuna pwani yenyewe. Chini ya jua la Msimbati, mkoani Mtwara, bati la paa hupata moto vibaya, na hewa imejaa unyevu na chumvi. Joto huzipa molekuli nafasi ya kusogea, mchanganyiko ukajitenga polepole. Kwa paa la huku ningechagua seli ya asilimia 12 inayodumu, niiache ya 19 inayochoka mapema. Paneli za kawaida hupimwa kwa saa 1,000 katika nyuzi 85 za selsiasi na unyevu wa asilimia 85. Seli yenye mkia wa korosho ipitishwe hapo kabla hatujauliza inatoa wati ngapi.