Ghala la Mahindi Halina Mchicha

Jua linapozama mtazame mtoto wako anavyotembea. Je, anajikwaa kwenye kigoda? Anapapasa ukuta akitafuta mlango? Wenzake wakicheza nje, yeye huketi chini na kutulia? Kama ndivyo, usingoje. Mlete zahanati kesho asubuhi.

Katika kijiji ninachofanya kazi, bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka 3. "Daktari," aliniambia, "huyu mchana ni mzima. Giza likiingia anakuwa kama kipofu." Mimi si daktari, ni mganga msaidizi tu, lakini ugonjwa huo niliutambua. Mwili wa mtoto ulipungukiwa na vitamini A. Akiachwa hivyo, macho hukauka, kioo cha jicho huharibika, na anaweza kupofuka kabisa. Surua ikimkuta katika hali hiyo humdhuru zaidi. Nilimpa vitamini A ya matone siku ile ile, kesho yake, na tena baada ya wiki 2. Hazikupita siku nyingi akaacha kujikwaa.

Mtoto alipona, lakini mimi nilibaki na swali. Nyumba ile haikuwa na njaa. Bibi huyo analea wajukuu yatima, na kijiji humsaidia. Kila baada ya mavuno watu hutoa mahindi na maharage, yakawekwa katika ghala la wasiojiweza. Nilimwuliza wanakula nini. Akajibu, "Ugali na maharage. Ndicho kilichomo ghalani." Na mboga za majani je? Wakati wa masika huchuma mlenda. Kiangazi hana nguvu za kuteka maji ya kumwagilia bustani.

Mahindi meupe na maharage hushibisha na kuupa mwili nguvu, lakini hayana vitamini A ya kutosha macho. Mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde yanayo. Tabu ni kwamba mchicha hauwekwi ghalani. Ukiuchuma leo, kesho umenyauka. Ghala la mboga ni bustani yenyewe.

Tabu hii haiko kwetu tu. Huko Marekani, nchi yenye mali nyingi, yapo maghala ya kuwapa chakula wasio na uwezo. Ghala la kwanza la namna hiyo lilianzishwa na John van Hengel katika mji wa Phoenix mwaka 1967. Maghala kama hayo hujaa makopo kwa urahisi, maana makopo hayaozi upesi. Katika mji wa Seattle zipo bustani za pamoja zilizoanza mwaka 1973. Watu hulima humo kwa kujitolea, na sehemu ya mboga hupelekwa kwenye maghala hayo zikiwa bado mbichi.

Nilipolieleza jambo hili mkutanoni, watu walikubali upesi. Pengine upesi mno. Siku ya kulima walikuja watu wapatao 40, na nyimbo zikaimbwa. Baada ya wiki 2 nilikuta matuta makavu na mbuzi wamo ndani. Kila mtu alidhani mwenzake amemwagilia. Hata mimi sikuwa nimemwagilia. Nilijiona mtu wa kusema tu.

Mara ya pili tulianza na watu 14. Kila siku wawili wana zamu, na majina yameandikwa ukutani pa zahanati. Bustani tuliisogeza karibu na kisima, tukaizungushia miiba. Tunatia samadi iliyooza vizuri, kwa sababu kinyesi kibichi huleta vijidudu vya maradhi. Mchicha huchumwa baada ya kama wiki 4. Matembele ukiyachuma huchipua tena.

Kosa jingine lilikuwa la kuwaita wazee waje kupokea mboga penye ofisi ya kijiji. Yule bibi hakuja. "Mwanangu," aliniambia, "nisimame foleni ya mchicha mbele ya wakwe zangu?" Alisema kweli. Sasa mwenye zamu huchuma asubuhi na kuipitisha mboga nyumbani kwake, kama jirani yeyote anavyopita.

Nawe ukipata mboga, ioshe kabla ya kuikata. Ipike kwa dakika chache, sufuria ikiwa imefunikwa. Usitie magadi, maana huharibu vitamini. Tia kijiko cha mafuta au karanga zilizotwangwa, kwa kuwa mwili huipokea vitamini A vizuri pakiwa na mafuta. Kisamvu ni tofauti: kitwange, ukipike sana, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu. Na usiache kumpeleka mtoto kupata matone ya vitamini A tangu afikishapo miezi 6 hadi miaka 5, kila baada ya miezi 6. Bustani haiondoi haja ya matone.

Kiangazi hiki kisima kimepungua maji. Tumeacha matuta 3 na kubaki na 5, mengi ya matembele, kwa kuwa yanavumilia ukame kuliko mchicha. Maji ya kunawia mikono hapa zahanati, yasiyo na dawa, tunayakusanya katika ndoo na kuyamwaga kwenye mashina. Jumamosi ni zamu yangu.