Kwa nini kanga mpya huchuja? Ifuate kutoka kwenye mchoro hadi dukani

Umenunua doti ya kanga, ukailoweka pamoja na shuka jeupe, na shuka likatoka la waridi. Lawama zote anabeba mwenye duka. Ila chanzo mara nyingi ni hatua moja ya kiwandani ambayo kwa macho huioni.

Kanga huanza kwa mchoraji. Ana vitu vitatu vya kupanga: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno. Akimaliza, mchoro hutenganishwa rangi kwa rangi, maana kwenye uchapaji wa skrini kila rangi inataka skrini yake. Rangi nne, skrini nne. Kuongeza rangi ya tano ni kuongeza gharama.

Skrini ni wavu laini uliopakwa kemikali inayokauka na kuwa ngumu ikipigwa mwanga. Sehemu zilizofunikwa na mchoro hazikazi. Zikioshwa, zinaacha matundu. Rangi huchanganywa iwe rojo zito ili isisambae, kisha husukumwa kupitia matundu hayo hadi kwenye kitambaa. Skrini moja ikisogea kidogo tu, ua linatoka nje ya mstari wake.

Hapo kanga inavutia tayari, lakini rangi bado haijashika. Kwa pamba, aina inayotumika sana ni rangi riaktivu, zilizoingia sokoni mwaka 1956. Kitambaa kikipitishwa kwenye mvuke, molekuli za rangi hufungamana na selulosi ya pamba, zikawa sehemu ya uzi wenyewe. Shida ni kwamba baadhi ya molekuli huungana na maji badala ya pamba. Hizo hazitashika tena, hata ufanyeje. Dawa yake ni kuziosha zitoke, na kazi hiyo inakula maji mengi na nishati. Kiwanda kikibana matumizi hapo, rangi iliyobaki inafungwa kwenye marobota pamoja na kanga, inapita kwa muuzaji wa jumla, inafika dukani, halafu inaishia kwenye beseni lako.

Vipi kuhusu kuloweka kwenye maji ya chumvi? Chumvi haiwezi kuifunga upya rangi iliyokwisha kuungana na maji. Heri uifue kanga peke yake mara kadhaa, mpaka maji yatoke meupe.

Maabara hupima jambo hili kwa kusugua nguo kwa kitambaa cheupe, kikavu na kisha kibichi, halafu hutoa alama 1 hadi 5. 5 maana yake hakuna doa. Nawe unaweza kujaribu dukani, ukiruhusiwa: lowesha kitambaa cheupe, usugue penye rangi nzito. Kikibaki cheupe, lipa uende zako. Kikikolea rangi, una hoja ya kuombea punguzo, na shuka zako zikae mbali.