Pangi: Titi lililokatwa laweza kuundwa upya, hata miaka ikipita

Kwa mwanamke wa Pangi mwenye uvimbe kwenye titi, njia ya kwenda Kindu inapita msituni hadi mto Lualaba, ambao lazima auvuke ili aingie mjini. Ila si barabara peke yake inayomchelewesha. Wengi, Maniema kama kwingineko, huogopa kurudi nyumbani na kifua cha upande mmoja.

Kisichosemwa sana ni kwamba titi laweza kuundwa upya. Daktari huchukua ngozi na mafuta, pengine pamoja na msuli, kutoka tumboni au mgongoni na kuvihamishia kifuani, au huweka mfuko wa silikoni. Njia ya mgongoni si mpya: Mwitaliano Iginio Tansini aliieleza tangu mwaka 1896.

Kazi hiyo hufanywa siku ileile titi linapokatwa, au miaka baadaye. Kwa mgonjwa wa mbali hilo ni jambo kubwa: hana haja ya kungoja fedha za titi jipya ndipo akubali kutolewa kansa. Kansa haingoji. Aliyetibiwa kwa mionzi hupata matatizo zaidi na silikoni kuliko na nyama ya mwili wake mwenyewe. Na titi jipya halinyonyeshi, wala hisia zote hazirudi.

Upasuaji huo unataka mabingwa ambao hospitali za vijijini hazina. Kwa sasa, jeraha likishapona, fundi cherehani anaweza kushona titi la kitambaa na kulijaza pamba, likakaa ndani ya sidiria. Punje kidogo za mchele huliongezea uzito, lisipande juu.