Kiingilio bure, nauli juu yako: mikutano ya madevelopa ukiitazama kutoka Kasulu

Tangazo linatua kwenye grupu la WhatsApp usiku: DevFest, Dar es Salaam, Jumamosi, kiingilio bure, chakula kipo, tisheti zipo. Wewe uko Kasulu mjini, au Kibondo, unajifunza kutengeneza tovuti kwa laptopu ya kuazima. Hata linki hujaibonyeza, hesabu umeshapiga. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda, na kurudi vilevile. Weka nauli mara mbili, gesti siku mbili, kula njiani. Hiyo bure imeshakula hela ya mwezi mzima.

Je, inafaa kwenda? Tuelewane kwanza huko ndani kuna nini.

DevFest ni mkutano wa kila mwaka unaoandaliwa na vikundi vinavyoitwa Google Developer Groups, kwa kifupi GDG. Mara nyingi hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka. Wengi wanadhani ni Google wenyewe wanakuja. Hapana. GDG inaendeshwa na watu wa kujitolea wa mji husika, na anayehangaika kutafuta ukumbi, projekta na maji ya kunywa ni kijana kama wewe. Kuna nyingine inaitwa I/O Extended: hapo watu wanakusanyika kufuatilia na kujadili yale yaliyotangazwa kwenye Google I/O, mkutano mkubwa wa Google unaofanyika Marekani mwezi Mei.

Hapa ndipo kompyuta inapokutana na burudani. Tangu 2016, nyumbani kwa Google I/O ni Shoreline Amphitheatre, Mountain View, California. Ule ni uwanja wa shoo, wasanii wanapiga pale. Kwa hiyo ukiona mtu yuko jukwaani na maiki ya shavuni, taa zinazunguka, watu wanashangilia kwa sababu programu imeongezewa kitufe, usishangae. Hawa jamaa wamejifunza kwa wanamuziki. Steve Jobs alipoonyesha iPhone kwa mara ya kwanza, Januari 2007, aliwaambia watu ana vitu vitatu vipya: iPod, simu, na kifaa cha intaneti. Akavirudia, akavirudia, mpaka ukumbi ukashtuka kumbe ni kitu kimoja. MC yeyote wa harusi anaijua mbinu hiyo.

Kuna siku ilipitiliza. Septemba 9, 2014, Apple walimaliza mkutano wao kwa kundi la U2 kupiga jukwaani, kisha wakaigawa albamu mpya ya kundi hilo, Songs of Innocence, kwa akaunti zipatazo milioni 500 za iTunes. Hakuna aliyeulizwa. Watu wakaamka wanakuta albamu kwenye simu zao, wakachukia kweli. Ndani ya wiki moja Apple wakaweka njia ya kuifuta, na Bono mwenyewe akaja kuomba radhi.

Nadhani mtu wa Kibondo anaielewa hasira ile haraka kuliko mtu wa California. Huku wimbo ukiingia kwenye simu yako, umeutaka. Umelipia bando, au umekwenda kibandani ukamlipa jamaa akakuwekea nyimbo kwenye memori kadi. Developa aliyezoea waifai ya ofisini hawazi hilo. Anaweka picha ya MB 5 kwenye ukurasa wa mbele kwa sababu inapendeza. Watu 200 wakiufungua mara moja moja, ni MB 1,000, karibu GB 1 nzima ya bando la watu imeenda kwa picha ambayo hawakuiomba. Picha hiyohiyo ukiipunguza mpaka KB 100, watu 200 wanatumia MB 20 tu, na kwenye kioo kidogo cha simu hakuna atakayegundua tofauti. Hiyo ni mada nzima ya kusimama nayo mbele ya watu, na wa kuizungumza vizuri ni mtu aliyewahi kuishiwa bando katikati ya ukurasa.

Sasa, kwa nini uende wakati mada nyingi za mikutano hii zinapatikana YouTube? Kwa sababu YouTube haikupi mtu wa kumpigia simu. Kazi nyingi ndogondogo za tovuti hazitangazwi popote. Mtu anamwambia mtu, "kuna dogo namfahamu." Kama hakuna anayekufahamu, basi.

Wasanii wa Kigoma walishaliruka hili. Mwaka 2012 mastaa wenye asili ya mkoa huu walikusanyika kama Kigoma All Stars, wakatoa Leka Dutigite: Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na wengine. Wengi walikuwa na majina tayari, na kazi zao zilikuwa Dar. Lakini wimbo unasafiri wenyewe. Redio inaubeba, flashi inaubeba, kondakta wa basi anaubeba. Kazi ya developa haisafiri hivyo. Tovuti yako inaweza kutumiwa na watu mia na asijulikane nani kaitengeneza.

Kwa hiyo mkutano unahitajika. Swali ni kama lazima uwe Dar.

Hakathoni, yale mashindano ya kukesha mnaandika programu, haikuanzia hotelini. Neno hilo linatajwa kutumika mara ya kwanza Juni 1999 huko Calgary, Kanada, na watu wa mradi wa OpenBSD. Walikuwa 10. Walikwenda Kanada kwa sababu sheria za Marekani za wakati ule zilibana kusafirisha nje programu za kuficha siri za mawasiliano. Na BarCamp ilizaliwa Palo Alto mwaka 2005 kwa kujibu Foo Camp, mkutano wa kualikwa tu. Wakaandaa wa kwao usiohitaji mwaliko, maandalizi hayakufika hata wiki. Kanuni yake ni kwamba hakuna mtazamaji: ukija, unazungumza au unasaidia.

Watu kumi na wiki moja. Hivyo Kasulu vipo.

Umeme nao umebadilika. Mpaka 2022 miji ya Kasulu na Kibondo ilikuwa inategemea jenereta za dizeli, na Oktoba mwaka huo Rais Samia akazindua umeme wa Gridi ya Taifa huku. Bado unakatika, usijidanganye, kwa hiyo laptopu zije zimejaa chaji. Chumba kimoja cha darasa Jumamosi kinatosha. Waombeni Chuo cha Ualimu Kasulu, au kwa Kibondo chuo cha maendeleo ya wananchi, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema. Chakula, changeni: ugali wa muhogo na maharage kwa watu 15 hauhitaji mdhamini.

Intaneti msiitegemee sana. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, inakuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila mtandao, pamoja na maswali na majibu ya Stack Overflow. Mmoja apakue usiku, alete kwenye flashi, wengine wakopi. Ni utaratibu uleule wa kuwekeana nyimbo.

Kuna kundi moja ambalo hata mkutano wa Kasulu mjini ni mbali kwao. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopo wilayani Kasulu tangu 1996, ina vijana wanaosoma kwa tableti kwenye madarasa ya Instant Network Schools, mradi wa UNHCR na Vodafone Foundation. Ila mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mkipanga tarehe, anzeni na barua ya kuwaombea ruhusa hao, maana majibu yake ndiyo yatachukua muda. Projekta mtaipata siku yoyote.