Kalenda ya Kongo na Wafu wa Beni
Sikukuu kadhaa za Kongo ni za msiba: 4 Januari inawakumbuka waliouawa Léopoldville mwaka 1959, 16 Januari Laurent-Désiré Kabila, 17 Januari Patrice Lumumba. Raia waliochinjwa Beni, mashariki mwa nchi, tangu Oktoba 2014, mauaji ambayo mengi yanahusishwa na waasi wa ADF, hawana sikukuu yao. Wapo watakaosema kumbukumbu ya Genocost, 2 Agosti, ya Wakongo waliouawa kwa ajili ya maslahi ya kiuchumi, inatosha. Haitoshi, kwa sababu tarehe hiyo inatokana na vita vya 1998. Mfanyabiashara wa Butembo, mji jirani wa Beni, naye atahesabu hasara ya siku nyingine bila mauzo, na hoja yake ina uzito, maana mji ule unaishi kwa biashara. Lakini maduka hayo hayo hufungwa kila raia wanapoitisha mgomo wa mji mzima kupinga mauaji. Bunge liwape wafu wa Beni siku moja.